Miaka ya Divisheni Inaandikwa Wapi?

Mashariki mwa Nairobi, mtaje McDonald Mariga penye kibanda cha viazi karai uone: kila mtu ana Mariga wake. Yuko wa Inter Milan, aliyekuwa benchi Santiago Bernabéu usiku wa tarehe 22 Mei 2010 na kuondoka na medali ya Ligi ya Mabingwa. Yuko wa Muthurwa, mtoto wa Noah Wanyama wa AFC Leopards, aliyekulia kwenye nyumba za reli na kusomea Kamukunji. Yuko hata wa siasa, aliyewania ubunge wa Kibra Novemba 2019 kwa tikiti ya Jubilee akabwagwa na Imran Okoth.

Wangu ni wa mwaka 2005. Ana miaka 18, ameshapitia Ulinzi Stars, Tusker na Kenya Pipeline, na sasa yuko Enköpings SK, klabu ya mji mdogo nchini Uswidi iliyoonja ligi kuu ya huko mwaka 2003 na kushuka mwaka uleule. Nairobi hakuna aliyezitazama mechi zake. Mwaka uliofuata alikuwa Helsingborg, 2007 Parma, Januari 2010 Inter. Zitoe zile mechi za daraja la chini hapo katikati, na hadithi yote inakatika.

Mjadala huu ni juu ya mechi za aina hiyo, ila za hapa nyumbani: Divisheni ya Kwanza, ya Pili, ligi za kaunti, zile zinazopigwa Jumamosi alasiri Jericho, Umoja, Dandora na Kariobangi huku mama mmoja akikatiza uwanja na mtungi wa maji kwa kuwa ndiyo njia yake ya kila siku. Nimeupanga kwa sauti. Hazina majina kwa sababu simnukuu mtu. Nimezitunga kutokana na maneno ambayo yeyote anayesimama kando ya uwanja huko ameshayasikia. Kuna Kijana, kiungo wa miaka 17, yuko kidato cha tatu. Kuna Mama yake, muuza mitumba Gikomba. Kuna Kocha wa timu ya Divisheni ya Kwanza inayomtaka. Kuna Mzee aliyecheza miaka ya 1980. Na kuna Karani wa timu, mwenye faili na kalamu, mtu ambaye watu wakizungumza mpira huwa haulizwi chochote. Hoja ni moja tu: Kijana asaini, au asisaini?

KOCHA: Mama, sikuja kukuuzia ndoto. Nimekuja kwa sababu mtoto ana kichwa. Anapokea mpira akiwa ameshaangalia nyuma yake. Hilo sikumfundisha mimi. Lakini shuleni halitakua, kwa sababu shuleni anacheza na rika lake, na rika lake linamwogopa. Kwangu atakutana na wanaume wenye watoto. Watamgonga. Wiki mbili, tatu, atajifunza kuachia mpira kabla hajafikiwa.

MAMA: Hapo sasa umenena, Kocha. Watamgonga. Akivunjika mguu, nani analipa?

KOCHA: Timu inasimamia.

MAMA: Timu ipi? Ile ambayo juzi mechi haikuanza kwa sababu ambulensi haikuonekana?

Mama hazui. Katika ligi zetu za chini timu ya nyumbani ndiyo hutafuta ambulensi na pesa za waamuzi, na gari lisipofika mwamuzi hapulizi kipenga. Yeyote aliyezifuata ligi hizi anaijua picha: wachezaji wamevaa jezi kamili, wamekaa kwenye nyasi, soksi zimepandishwa hadi magotini, meneja anazunguka langoni na simu sikioni akibembeleza hospitali ya tatu. Muda wa kungoja unakwisha. Wageni wanapanda matatu yao na pointi 3 walizopata bila jasho. Wenyeji wanakunja soksi, mmoja mmoja, na hakuna wa kumlaumu kwa sauti, maana meneja mwenyewe ndiye aliyetoa nauli ya asubuhi mfukoni mwake.

KOCHA: Mama, tatizo la ambulensi ni la pesa, si la mpira. Mpira wetu ni mzuri. Tazama Kariobangi Sharks. Timu ya mtaa, ilianzishwa mwaka 2000, ikapanda ngazi moja baada ya nyingine mpaka Ligi Kuu 2017. Msimu huohuo wa kwanza Masoud Juma akafunga mabao 17, akawa mfungaji bora wa ligi, akaenda Cape Town City. Tarehe 7 Julai 2019 Sharks wakacheza na Everton Kasarani, wakatoka sare ya bao moja kwa moja, wakawatoa kwa penalti. Everton! Hao ni watu waliokuwa divisheni miaka mitatu kabla.

MZEE: Siku ile ile Joe Kadenge alifariki.

KOCHA: Mzee, hilo linahusianaje?

MZEE: Linahusiana. Miaka ya 1960 hapakuwa na mtoto Kaloleni wala Makongeni asiyejiita Kadenge akigusa mpira. Leo City Stadium imepewa jina lake. Lakini uzee wake aliupitisha akiendesha teksi hapa Nairobi. Namheshimu, na teksi ni kazi ya halali, ila nauliza: ule mpira wote ulimwachia nini?

MAMA: Endelea, Mzee.

MZEE: Mimi si adui wa mpira, mwanangu. Nimeucheza. Lakini wakati wetu timu ilikuwa kazi. Reli walikuwa na timu, Posta walikuwa na timu, benki, kampuni ya bia, mpaka viatu vya Bata. Ukijua kupiga krosi unaandikwa kazi. Asubuhi uko ofisini au karakana, saa nane unaruhusiwa kwenda mazoezini, mwisho wa mwezi unapanga foleni ya mshahara kama wengine. Goti likikataa, meza yako bado ipo. Na mnapomtaja Mariga, mtaje hilo pia: Ulinzi ni ya jeshi, Tusker ni ya kampuni ya bia, Pipeline ilikuwa ya shirika la serikali. Kabla ya kuiona Uswidi, huyo kijana alipitia timu zenye mwajiri nyuma yake. Hamuwezi kumtumia yeye kumshawishi mtoto aje kucheza divisheni kwa nauli.

Hoja ya Mzee ni nzito kuliko inavyosikika. Tumezoea kusema Mariga alitoka mtaani akafika Milan, na mtaa unajivunia, na haki yake. Lakini timu zilizomshika mkono kati ya Kamukunji na uwanja wa ndege zilikuwa na bajeti, basi na daktari. Nyingi za aina hiyo zimekufa. Kenya Pipeline yenyewe ilivunjwa. Pengo la timu hizo limeachiwa klabu za mtaa, ambazo zinafanya kazi ileile ya kulea kwa michango ya harambee na hisani ya mheshimiwa diwani, hasa uchaguzi unapokaribia.

KOCHA: Sawa, Mzee, zimekufa. Tukae tukizililia? Mtoto ana miaka 17 leo. Akingoja mashirika yafufue timu atafika 30. Na tusiidharau divisheni. Mchukue Michael Olunga. Kashiwa Reysol walishuka daraja mwisho wa 2018 huko Japani. Yeye alikuwa ameshacheza La Liga na Girona, amefunga mabao matatu katika mechi moja dhidi ya Las Palmas. Angeweza kusema daraja la pili si hadhi yangu. Alibaki. Novemba 2019 akafunga mabao manane katika mechi moja, 13 kwa 1 dhidi ya Kyoto Sanga. Wakapanda. 2020 akafunga 28 ligi kuu na kuwa mchezaji bora wa Japani nzima. Daraja la chini ndilo lililomweka sawa.

MAMA: Huyo Olunga si ndiye mnayemwita Injinia?

KOCHA: Ndiye.

MAMA: Kwa nini mnamwita hivyo?

KOCHA: Alisomea uhandisi, Chuo Kikuu cha Kiufundi.

MAMA: Na hapo kabla alisoma Upper Hill akamaliza. Basi Kocha, mfano wako umenisaidia mimi.

KIJANA: Lakini Mama, Olunga alikuwa anacheza huku anasoma. Hakuacha mojawapo.

MAMA: Na wewe Kocha wako anataka mazoezi saa ngapi?

KIJANA: Saa tisa.

MAMA: Shule inatoka saa ngapi?

Kijana hakujibu. Wote watano waliijua saa ya kutoka shuleni.

Hapa ndipo mijadala mingi ya mpira mtaani hukwama. Mmoja anashika shule, mwingine anashika kipaji, wanavutana mpaka mwenye kibanda anazima jiko. Mimi naona ni mvutano wa bure, kwa sababu umeshawahi kutatuliwa, tena umbali wa matatu moja kutoka Jericho. MYSA, chama cha michezo cha vijana wa Mathare kilichoanzishwa 1987 na Bob Munro, kiliifunga ligi yake na usafi wa mtaa: timu iliyotoka kuzoa taka na kuzibua mitaro iliongezewa pointi kwenye msimamo. Waliojitolea kufundisha wenzao na kuongoza walilipiwa karo, na pesa zilipelekwa shuleni moja kwa moja. Kutoka humo ikatoka Mathare United mwaka 1994, na 1998, ikiwa bado daraja la pili, ikanyakua Moi Golden Cup mbele ya timu zote za ligi kuu. Miaka kumi baadaye, 2008, ikawa bingwa wa Kenya. Dennis Oliech aliyefunga bao lililoipeleka Kenya Kombe la Afrika la 2004 alitokea kwao. Kwa hivyo tusiambiwe kuwa shule na divisheni haziingii chungu kimoja.

MAMA: Angekuja mtu wa MYSA ya wakati huo na risiti ya karo, ningekuwa nimeshasaini.

KOCHA: MYSA walikuwa na wafadhili wa Norway, Mama. Mimi nina mwenye duka la simu Umoja.

MAMA: Huyo wa simu hawezi kulipa karo ya mtoto mmoja?

KOCHA: Nina wachezaji 25.

MAMA: Walio shuleni ni wangapi?

KOCHA: Wanne.

MAMA: Basi mwambie wanne.

KIJANA: Naweza kusema?

MZEE: Sema, kijana.

KIJANA: Nyinyi mnaongea kana kwamba nikikataa divisheni nitakuwa daktari. Mimi hesabu napata D. Nikikosa mpira naenda mjengo, na mjengo nao unavunja miguu, Mama. Agosti 2025 tulienda Kasarani kutazama CHAN. Vijana wa ligi yetu ya hapahapa wakaifunga DR Congo, wakaifunga Morocco. Rais akawaahidi milioni moja kila mmoja kwa kila ushindi. Nilikuwa nimekaa nyuma ya goli. Wale hawakutoka Ulaya. Walitoka divisheni, wengi wao. Mimi naomba nafasi ya kuonekana tu.

MAMA: Na yule wakala?

KIJANA: Yule nilimkataa.

KOCHA: Wakala gani?

MAMA: Kuna mtu alimpigia. Anataka tuchange hela ya viza na tiketi, ampeleke kwa majaribio Ulaya. Anasema Victor Wanyama alikuwa Helsingborg na miaka 16.

KARANI: Wanyama alimfuata kaka yake, Mariga. Huyu anamfuata nani? Kijana akiwa chini ya miaka 18, FIFA haimruhusu kuhamia klabu ya nchi nyingine ila kwa sababu chache sana, kama vile wazazi wenyewe kuhamia huko kwa kazi isiyohusu mpira. Mtu anayekuambia uchange, na mtoto ana 17, ama hajui kanuni ama anaijua vizuri mno.

Ni mara ya kwanza Karani kusema, na naomba msomaji amvumilie, kwa kuwa kuanzia hapa mjadala ni wake.

MAMA: Wewe ndiye unayeandika fomu?

KARANI: Ndiyo, Mama.

MAMA: Nieleze nikisaini, ninasaini nini.

KARANI: Kwa ukweli? Kwa kawaida mzazi anasaini fomu ya usajili, mtoto anapata kadi ya kuchezea, basi. Mkataba hakuna. Mshahara hakuna. Kuna nauli ya mazoezi pesa zikiwepo, na bonasi tukishinda na mdhamini akiwa uwanjani. Kadi inakaa kwetu. Akitaka kuhama anahitaji barua ya kuachiliwa, na barua inatoka kwetu.

MAMA: Na msipotaka kuitoa?

KARANI: Anakaa nje msimu mzima.

KOCHA: Karani, hayo ya nini sasa?

KARANI: Mama ameuliza. Kuna klabu zinazowanyima vijana barua kwa kiburi tu. Na kuna klabu zinazoporwa. Unamlea mtoto miaka mitatu, unamnunulia njumu, Ligi Kuu inakuja, inamwambia jifanye umeumia, msimu ujao yuko kwao na wewe hata asante hupati. Ndiyo maana klabu inang'ang'ania barua. Haina kitu kingine cha kushikilia.

MZEE: Na mtoto ndiye anayebanwa mlangoni.

KARANI: Ndiye. Lakini Mzee, kuna karatasi ambayo ingewalinda wote wawili, na hatuijazi. Tunaambiana divisheni haina pesa. Pesa zipo, zinapita juu ya vichwa vyetu. FIFA ina mchango wa mshikamano. Mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja hadi nyingine mkataba wake ukiwa haujaisha, asilimia 5 ya bei inagawiwa klabu zilizomlea tangu msimu wa miaka 12 hadi wa miaka 23. Kila msimu wa 12 hadi 15 unabeba robo asilimia ya bei. Kuanzia 16 kila msimu ni nusu asilimia.

MAMA: Asilimia mimi siuzi. Nipe shilingi.

KARANI: Haya. Wanyama tuliyemtaja, mtoto wa Muthurwa. Julai 2013 Celtic walimuuza Southampton kwa pauni milioni 12.5. Uskoti ina shirikisho lake na Uingereza lake, kwa hivyo yalikuwa mauzo ya kimataifa, na mchango unadaiwa. Robo asilimia ya bei hiyo ni pauni 31,250. Huo ni msimu mmoja wa mtoto wa miaka 14, mmoja tu. Klabu yenye misimu yote minne, 12 hadi 15, fungu lake ni pauni 125,000. Kwa bei ya pauni ya mwaka ule, zaidi ya shilingi milioni 16.

MZEE: Ungenunua basi la timu ukabaki na chenji.

KARANI: Na ambulensi. Alipotoka Southampton kwenda Tottenham 2016, kwa kanuni ya kabla ya Julai 2020 mchango haukuwepo, maana zote mbili ni za Uingereza. Dirisha linafunguka mara chache, likifunguka lazima uwe na karatasi. Klabu iwe imesajiliwa na shirikisho. Mchezaji awe ameandikwa kwa klabu hiyo, tarehe hii hadi tarehe hii. Timu ya mtaani isiyosajiliwa, hata kama ilimlea tangu akiwa peku, haimo. Shule haimo. Zamani ulidai mwenyewe, na ikipita miaka 2 huna kesi. Tangu Novemba 2022 FIFA ina kituo cha malipo Paris kinachosoma historia ya mchezaji kwenye mfumo na kugawa. Lakini mashine ya Paris haiijui Jericho. Inasoma nilichoandika mimi, na mimi mara nyingi huandika msimu ukiwa umeshafika katikati, majina ya wale 11 tu, kwa sababu ada ya usajili ni kwa kichwa na hatuna.

KOCHA: Sasa unanianika, Karani.

KARANI: Nakutetea, Kocha. Umelea vijana wangapi walio Ligi Kuu leo? Ukiulizwa, una picha za simu.

Nimezifikiria picha hizo za simu. Makocha wa Eastlands wanazo, wote: kijana amesimama mbele ya goli lisilo na wavu, jezi imemzidi, na kocha anakuambia huyu ni fulani, alianzia kwangu. Naamini asilimia kubwa ya madai hayo ni ya kweli. Ila hayana thamani mbele ya yeyote mwenye mamlaka ya kulipa, na hapo ndipo natofautiana na wote wanaodhani kasoro ya madaraja yetu ya chini ni ukosefu wa vipaji, nyasi, au hata wadhamini. Kazi inafanyika, na kwa kiwango kizuri. Haiandikwi. Mchezaji wa miaka 17 akicheza mechi 26 katika Divisheni ya Kwanza, msimu ule unatoweka: hana mkataba wa kuidai klabu akiumia, klabu haina kumbukumbu ya kumdai mnunuzi, na mzazi hana cha kumwonyesha mwalimu mkuu. Mariga alipofika Enköping alikuta nchi ambako hata daraja la chini linaandikwa. Ndiyo sababu tunaweza leo kutaja mwaka na klabu kila hatua baada ya 2005, na kwa miaka yake ya kabla ya hapo tunategemea zaidi simulizi za Muthurwa.

MZEE: Karatasi ni nzuri. Lakini mnasahau nani anazishika. 2022, Februari hadi Novemba, FIFA ilitufungia kama nchi kwa sababu wakubwa waligombania shirikisho. Mtoto aliyetimiza miaka 18 mwaka ule, na karatasi zake safi, angekwenda wapi?

KARANI: Mzee, hilo sina jibu.

MZEE: Na wale wa kupanga matokeo? 2021 FIFA iliishusha Zoo ya Kericho kutoka Ligi Kuu kwa ajili ya hayo. Ikiwa wanafika Ligi Kuu, huku chini ambako mchezaji halipwi wanafikaje? Mtu akimjia mtoto kwenye kona ya mtaa na elfu kumi, amwambie mwangushe mtu kwenye boksi tu, dakika ya 80?

KIJANA: Walishakuja.

MAMA: Walikuja kwako?

KIJANA: Si kwangu. Kwa golikipa wa timu ya jirani. Aliniambia mwenyewe. Elfu tano, si kumi.

KOCHA: Mama, hiyo ndiyo sababu nyingine mtoto anahitaji mtu mzima karibu naye. Kwangu anaye.

MAMA: Kocha, wewe ni mtu mzuri. Sijasema wewe ni mbaya. Umekuja mpaka nyumbani, wengine wanatuma watoto. Lakini nimekaa Gikomba miaka, najua bei ya kitu inapanda mwenye nacho akijua anacho. Tangu uanze kuongea umeniambia mtoto ana kichwa, ana jicho, anageuka vizuri. Huyu wa faili kwa dakika tano ameniambia mtoto ana nini cha kuandikwa. Sasa nataka hivi. Mazoezi siku za shule yaanze saa kumi na nusu, hata kama ni yeye peke yake na golikipa. Karo ya muhula mmoja kwa mwaka, huyo wa simu alipe, na alipe shuleni, asinipe mkononi. Ajali ya uwanjani, timu igharamie hospitali, iandikwe. Na muda wake uandikwe.

KARANI: Chini ya miaka 18 mkataba wa kulipwa hauruhusiwi kuzidi miaka 3.

MAMA: Tatu ni mingi. Mmoja. Na barua yake ya kutoka iandikwe leo, tarehe iwe ya mwisho wa msimu, nakala ibaki kwangu.

KOCHA: Mama! Barua ya kuachiliwa kabla hajaingia?

MZEE: Haijawahi kufanyika.

MAMA: Ndiyo maana mna wachezaji waliokaa nje msimu mzima.

KIJANA: Mama, watanikataa.

MAMA: Wakikukataa kwa karatasi moja, wangekukataa kwa goti.

KOCHA: Nisikilize. Nikikubali, nikampa barua, mwisho wa msimu Ligi Kuu inakuja inamchukua bure, mimi nimebaki na nini? Nimelipa karo, nimelipa hospitali, nimemfunza, nimemsajili. Wenzangu wataniita mjinga.

KARANI: Utabaki na msimu wa miaka 17 kwa jina la klabu yako, nusu asilimia ya bei kila mara atakapouzwa nje.

KOCHA: Akiuzwa nje! Wangapi wanauzwa nje? Nina kodi ya uwanja Jumamosi hii.

Kocha ana haki. Wanaouzwa nje ni wachache mno, na hesabu ya Karani, kwa vijana walio wengi, itazaa sufuri. Mimi bado nasimama na Karani, kwa kuwa fomu iliyojazwa sawasawa gharama yake ni ada na saa moja ya kuandika, na kwa kuwa kipengele kuhusu hospitali kinamfaa hata yule ambaye hatauzwa popote. Lakini siwezi kumwambia mtu anayelipia uwanja kwa pesa za nyumbani kwake kwamba asubiri Paris.

KOCHA: Tufanye hivi. Karo nitamwambia mwenye duka, sijui atasemaje. Saa kumi na nusu, sawa. Hospitali, niandike "kadiri ya uwezo wa klabu."

MAMA: Futa "kadiri."

KOCHA: Hospitali ya serikali, basi.

MAMA: Ya serikali, sawa.

KOCHA: Na barua, naiandika. Lakini na mimi naweka langu: akienda Ligi Kuu kabla ya miaka miwili, klabu itakayomchukua irudishe gharama zangu.

KARANI: Ligi Kuu haifungwi na makubaliano yako na Mama.

KOCHA: Basi wewe ulimfunza asilimia za Ulaya, mfunze na hilo.

MAMA: Lifunge kwa mtoto. Yeye ndiye watakayemtaka. Andika kwamba hatasaini kwao mpaka wakulipe, nami nitatia kidole.

MZEE: Mnamfunga tena kijana.

MAMA: Muulizeni.

KIJANA: Gharama ni pesa ngapi?

KOCHA: Sijawahi kuzipiga hesabu.

MAMA: Karani, fungua ukurasa mwingine.